Jicho Lililorukwa na Gazeti

Kangemi, Nairobi
9 Februari 2025

Kaka Thuo,

Kwanza niambie magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi ya huko Ndaragwa, na kama Ciru bado anakohoa. Mke wako hasemi akiumwa, kwa hivyo nauliza wewe. Huku kwangu maji yanakuja Jumanne tu, na mwenye nyumba amepaka lango rangi ya kijani badala ya kutengeneza choo.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Mama amesema tukipigiana simu tena tutauana. Wewe ukikasirika unakata, nami nikikatiwa natukana ukuta. Barua nitaipeleka ofisi ya vifurushi mjini, ije na gari la huko. Nawe nijibu vivyo hivyo.

Sasa lililonikalisha. Kitavi, mhariri wangu wa michezo, amenipa makala ndefu ya Jumapili. Inamhusu msichana wa hapa Kangemi, Peres Awuor, bondia wa miaka kumi na tisa. Mama yake anauza dagaa wa omena sokoni. Mwaka jana msichana huyu hakushindwa hata mara moja, na Oktoba atapigania nafasi katika timu ya taifa. Kocha wake ni Kuria.

Nimeandika jina hilo nikaweka kalamu chini. Ndiyo, ni yuleyule. Siku hizi anaishi Kitisuru kwa matajiri, ana klabu ya wasichana hapa Kangemi, na wakubwa wanapanga foleni kupigwa picha naye. Makala ni ya msichana, si yake, lakini siwezi kumwandika msichana nisimtaje kocha. Nilitaka usikie kwangu kabla ya kuona gazetini.

Dadako,
Debra Wanjugu


Ndaragwa
23 Februari 2025

Wanjugu,

Mama anatembea hadi kwa ng'ombe na kurudi bila fimbo. Ciru amepona. Viazi vya upande wa mto vimeshikwa na ugonjwa wa majani, nimeng'oa nusu. Hayo ndiyo ya nyumbani.

Sasa hilo jina. Wewe uliweka kalamu chini, kisha ukaichukua tena. Mimi nikilisikia siweki kitu chini. Navunja.

Ulikuwa shule ya bweni, hukuwa pale, kwa hivyo nakuambia tena. Miaka kumi na miwili iliyopita nilipanda ulingoni na kijana wa Kuria. Ngumi zake nilizijua, tulikuwa tumefanya mazoezi pamoja, hazikuwa na uzito wowote. Siku hiyo, ngumi ya kwanza ilinifikia kama tofali. Raundi ya pili mfupa chini ya jicho ukapasuka, nikausikia ukipasuka. Nikamwambia refa, "Angalia mikono yake!" Akaniambia nipigane ama nishuke. Pambano lilipokwisha Kuria alimwingiza kijana wake chooni, akatoka bila bandeji mikononi. Mama alilalamika kwa kamati, na kamati ikamuuliza bandeji ziko wapi. Kisha Kuria akawaambia waandishi kwamba jicho langu lilikuwa bovu tangu zamani, na kwamba nilimdanganya daktari ili nipigane. Gazeti likachapa. Gazeti lenu, Wanjugu, hilo linalokulipa.

Ndivyo nilivyo mpaka leo kwa yeyote anayekumbuka. Thuo aliyemdanganya daktari.

Sitaki aniombe msamaha. Msamaha ataupeleka wapi, jicho limeshakwenda. Nataka kila mahali jina lake linapoandikwa, langu liwe nyuma yake kama mbwa mwenye njaa. Akipewa kikombe, nimo. Akikata keki, nimo. Ukimwandika bila mimi, mnanipiga tena, na safari hii ni wewe umeshika mikono yangu.

Thuo


Nairobi
30 Machi 2025

Kaka,

Nimechelewa kukujibu, najua. Kulikuwa na mbio, kulikuwa na raga, kisha nikashikwa na homa. Pole kwa viazi. Mama nimemtumia dawa ya kupaka, mwambie asiipake karibu na macho.

Nilimwambia Kitavi kila kitu. Alifunga mlango akanisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akasema, "Debra, kuna kipya? Kamati ilimwachilia. Hakuna bandeji, hakuna shahidi, na wewe ni dada wa aliyeumia. Ukiiweka, kesho wakili wake yuko hapa, na kila mtu atasema ni kisasi."

Nikamwambia, "Ni kisasi. Hilo halifanyi iwe uongo."

"Basi niletee kitu cha kushika mkononi," akasema. "Halafu mfikirie huyo msichana. Kwani kila mtu akimwandika lazima afukue kaburi la kocha wake?"

Hilo la mwisho lilinikwama. Wewe ulipoumia, Awuor alikuwa darasa la kwanza. Ameamka alfajiri miaka mitano akikimbia hadi Uthiru na kurudi. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kuandikwa.

Nilienda Kitisuru kumhoji Kuria. Ana bustani unaweza kulimia kijiji. Hakunijua. Aliniletea chai kwa mkono wake mwenyewe na kuniita binti yangu. Nikamuuliza kama kuna pambano lolote la zamani analolijutia. Akacheka. "Mimi siangalii nyuma, binti yangu. Wanaoangalia nyuma ni wale walioachwa huko." Nilikunywa ile chai yote, kaka, ili nisimmwagie.

Makala inatoka Jumapili.

Debra


Ndaragwa
14 Aprili 2025

Debra,

Nimesoma. Ciru alitaka kunisomea nikakataa, nikasoma mwenyewe, karatasi ikiwa puani. Nilisoma kila neno nikijitafuta.

Umemwita "baba wa wengi". Umeandika kwamba anawafunga wasichana bandeji kwa mikono yake, "kwa upole wa mzazi". Upole wa mzazi! Mama amelisikia hilo akatoka nje, akakaa na ng'ombe.

Unajua uliponiacha, kwa hivyo usinitafute.

Thuo


Kangemi
8 Juni 2025

Kaka Thuo,

Hii ni barua ya tatu. Mbili hujajibu, na Mama kwa simu ananiambia tu kwamba mnakula na mnalala.

Sitajitetea. Niliandika hilo la upole kwa sababu nililiona kwa macho yangu, na lilikuwa picha nzuri. Tangu nisome barua yako nimelirudia hilo neno mpaka limeoza. Yule mtu ananitumia salamu. Amebandika makala yangu kwenye ukuta wa klabu, na mimi nikipita pale nashuka barabarani nisiione.

Mama aliniambia ulisafiri mwezi uliopita na hukusema unaenda wapi. Ulienda wapi?

Debra


Ndaragwa
3 Agosti 2025

Wanjugu,

Mama anasema kama sitakuandikia atakuja huko kwa miguu, na kwa magoti yale anaweza kujaribu. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Nilienda Nairobi. Sikuja kwako kwa sababu ungeniuliza nina nini ndani ya koti. Ciru alikitafuta jikoni wiki nzima na sikumwambia.

Nilifika kwenye hiyo klabu mchana. Kuria alikuwa mlangoni. Nilikuwa nimejitayarisha aone uso wangu kwanza, alijue jina langu, ndipo mengine yafuate. Aliniangalia jicho hili lililokufa, akasema, "Mzee, unatafuta nani?" Mzee! Wanjugu, nina miaka thelathini na sita. Ameishi miaka kumi na miwili bila hata kunikumbuka, na mimi nimelala naye na kuamka naye.

Mkono ulikuwa tayari ndani ya koti. Ndipo msichana mmoja mrefu akaja na benchi. "Mzee, kaa hapa, hapo jua inakupiga." Akalifuta kwa taulo lake. Nikakaa. Wakamwita, "Awuor, kuja." Nikajua ni yule wa makala yako.

Sasa sikia, na usikie kama mwandishi, si kama dada. Siku hiyo walikuwa na mapambano madogo na klabu nyingine. Wasichana wote walikuwa wakifungana bandeji wenyewe pale nje, wakicheka. Awuor peke yake aliingizwa chumba cha ndani, Kuria akafunga mlango. Walipotoka, glavu zilikuwa tayari zimevaliwa. Msichana aliyepigana naye alishuka ulingoni akishikilia shavu, na damu ilikuwa inatoka mahali palepale ilipotoka yangu.

Niliondoka na kitu changu kikiwa ndani ya koti. Ciru amekipata. Kitavi wako alitaka cha kushika mkononi. Kiko Kangemi, kimefungwa na Kuria kwa upole wa mzazi.

Oktoba usipoangalia ile mikono, mimi nitarudi, na safari hiyo sitakaa kwenye benchi.

Thuo


Nairobi
24 Agosti 2025

Kaka,

Furaha ya ndama imenifikia. Nimesoma barua yako nimesimama ofisini, nikasoma tena nimekaa.

Usirudi. Niachie mimi. Usimwambie mtu yeyote, hata Mama, na mimi sitamwambia mtu.

Wanjugu


Nairobi
19 Oktoba 2025

Kaka Thuo,

Leo naanza na jambo lenyewe, salamu zitafuata.

Ilikuwa jana, katika ukumbi mmoja hapa mjini, watu wamejaa hadi kwenye ngazi, kamera kila pembe. Kuria alivaa suti ya rangi ya maziwa. Ofisa wa kukagua mikono ni rafiki yake, alitia sahihi juu ya bandeji bila kuzigusa. Awuor akapanda ulingoni. Mpinzani wake akapanda, kitoto cha Nakuru chenye meno yaliyoachana.

Nilimwendea mwamuzi mkuu, mama mmoja anayeitwa Syokau, mkali kama pilipili. Nikamwambia, "Kabla ya kengele, mvue Awuor glavu. Kata bandeji."

"Wewe ni mwandishi. Nenda ukaandike. Una hakika gani?"

"Nina kaka," nikamwambia. "Anaitwa Thuo."

Kaka, yeye alikumbuka. Miaka ile alikuwa karani mdogo wa kamati, na alimwona Mama akilia kwenye korido. Akapanda ulingoni, akazuia kengele, akaitisha makasi.

Kuria akaruka kamba. "Hii ni fitina! Imeshakaguliwa!" Syokau hata hakumgeukia. Alikata. Tabaka la juu lilikuwa bandeji ya kawaida. Chini yake ilikuwa nyeupe na ngumu, ile plasta ya hospitali ya kufungia mguu uliovunjika. Makasi yalikwama. Akang'oa kipande, akakigonga kwenye nguzo ya ulingo, na ukumbi mzima ukasikia ko, ko, ko.

Nilikuwa nimesimama chini ya ulingo, mbele ya Kuria. Akaniona, akanijua kwa ile chai. "Wewe binti, wewe ni nani hasa?"

"Mimi ni dadake Thuo."

"Thuo gani?"

Nilimwacha atafute mwenyewe, na niliona jina lako likimfikia. Akakaa kwenye kiti cha kona kile cha mabondia, na kamera zote zikamgeukia. Polisi walimtoa kwa mlango wa mbele, kwa sababu niliwaambia wapiga picha wengine wakae nyuma, ili asipate pa kupitia kwa siri.

Kitavi amenipigia simu tangu asubuhi. Anaitaka habari yako yote. Anasema sasa ina mashiko. Nimemwambia ilikuwa na mashiko hata Machi.

Msalimie Mama. Mwambie kwamba kilio chake kwenye korido ile, kuna mtu alikikumbuka.

Wanjugu


Ndaragwa
9 Novemba 2025

Dadangu Wanjugu,

Hapa tumechinja jogoo. Mama alimchagua mwenyewe, yule mwekundu mgomvi, akasema huyu anafanana na Kuria.

Gazeti liko mezani. "Thuo Hakumdanganya Daktari." Ukurasa mzima. Ciru amenisomea mara nyingi hadi ameanza kuruka maneno, nami namrudisha. Pale Kuria anapouliza "Thuo gani", namwambia asimame, anywe maji, aanze tena. Nasikia amefungiwa ndondi maisha, kesi iko kortini, na klabu imefungwa. Kuna mtu ameniambia anauza nyumba ya Kitisuru. Auze. Ahamie mahali ambapo watu watamwita mzee.

Watu wa hapa waliniambia nikishapata haki moyo utapoa. Haujapoa. Unawaka vizuri, kama jiko lililochochewa, na mimi naota moto. Sitakudanganya kwamba nimemwonea huruma hata kidogo.

Jambo moja. Nimetafuta katika barua yako na katika gazeti, sijaona. Yule msichana wa benchi alisema nini?

Kaka yako,
Thuo


Kangemi
18 Januari 2026

Kaka Thuo,

Heri ya mwaka mpya imechelewa, na jibu langu kwako pia. Nilikuwa na nafasi ya kuja Krismasi. Sikuja kwa sababu ungeniuliza hilo swali ana kwa ana.

Awuor hakusema kitu ulingoni. Aliangalia mikono yake. Kamati imemfungia miaka miwili asipigane. Alisema Kuria alimwambia ile ni dawa ya kulinda vidole, na wao wakasema bondia mzima lazima ahisi uzito. Mimi namwamini. Sokoni hawamwamini. Anakaa kwenye meza ya mama yake akipima omena, na vijana wakipita wanagonga mbao, ko, ko, ko. Mimi ndiye niliyeandika sauti hiyo gazetini.

Wiki iliyopita gazeti jingine liliandika kuhusu mabondia wa kike wa Nairobi. Yeye hakuwa mada, lakini mstari mmoja ulikuwepo: "aliyenaswa na plasta mikononi". Sasa Kitavi anataka nami niandike kuhusu wasichana waliobaki bila klabu. Nikaona sitamtaja Awuor kabisa. Nimwache apumzike. Nikaenda sokoni kumwambia hivyo, nikidhani namletea zawadi.

Aliendelea kupima. Kisha akasema, "Dada, ile siku asubuhi, ulikuwa unajua?"

Hili sikukuandikia Oktoba. Asubuhi ile nilimkuta nje ya ukumbi akila ndizi. Tulikuwa peke yetu. Alinipa mkono, nikaushika, haujafungwa bado, una joto. Ningeweza kumwambia, "Usimruhusu akufunge." Neno moja tu, na leo angekuwa katika timu ya taifa. Lakini Kuria angeponyoka. Nilimtaka mbele ya kamera, na plasta iwe mikononi. Kwa hivyo nilimwambia Awuor, "Kila la heri."

Nikamjibu, "Nilikuwa najua."

Akasema, "Na ulinishika mkono." Hakupiga kelele. Akamgeukia mteja.

Niambie nifanye nini. Wewe uliumia kwa kurukwa. Yeye anaumia kwa kutajwa. Nimruke ama nimtaje?

Wanjugu


Ndaragwa
8 Februari 2026

Wanjugu,

Mama yuko sawa. Ciru ni mjamzito, ilikuwa nikwambie ukija, lakini hukuja.

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Nilitaka kukuandikia kwamba ulifanya vizuri, kwamba ningekuwa wewe ningefanya vilevile. Ni kweli ningefanya. Ningemtoa msichana yule kwa Kuria bila kufikiri mara mbili, na nisingemshika hata mkono. Lakini alinifutia benchi kwa taulo lake.

Usimruke. Ukimruka, wataandika wengine, na watakaloandika ni lile la plasta. Mtaje, na ukimtaja useme yote. Sema hakujua. Sema nani alijua. Jina lako liwe hapo, na ndizi, na kule kushikana mikono. Usijifiche nyuma ya "mwandishi mmoja". Mimi nilitaka jina langu liwe nyuma ya la Kuria kila anapotajwa. Awuor anakudai wewe hivyohivyo, na haki yake ni kubwa kama yangu.

Usipoandika, nitapanda gari hadi sokoni Kangemi, nikae kwenye meza ya mama yake, nimfundishe msichana huyo jinsi ya kumchukia mtu miaka kumi na miwili bila kuchoka. Nitaanza na jina lako, ingawa tumenyonya ziwa moja.

Thuo


Kangemi
15 Machi 2026

Kaka Thuo,

Hongera kwako na kwa Ciru. Mwambie asibebe maji.

Imetoka Jumapili iliyopita. Kitavi alitaka kuikata sehemu yangu, akasema msomaji hana haja ya kujua mambo ya mwandishi. Nikamwambia ikiondolewa sehemu hiyo, iondolewe yote. Aliichapa kama ilivyo. Jumatatu akanihamishia kitengo cha matangazo ya vifo na harusi. Nakaa karibu na dirisha na hakuna anayenisalimia sana. Mabondia wengine wameandika barua kwa kamati wakitumia makala hiyo, wakidai Awuor asikilizwe upya. Syokau ametia sahihi ya kwanza. Kikao kimepangwa mwezi wa tano.

Nilimpelekea Awuor gazeti mwenyewe. Alilisoma lote pale mezani, wateja wakisubiri. Alipofika mwisho alilikunja vizuri, hakufungia omena nalo.

Nikamuuliza kama anaweza kunisamehe.

"Bado," akasema.

Nikamwambia nitapita tena Jumamosi. Akasema soko ni la watu wote.

Dadako,
Wanjugu